Mafiga, Tope na Bati: Historia ya Majiko ya Kambini

Tarehe 4 Februari 1976, saa tisa usiku, ardhi ya Guatemala ilitetemeka. Katika nyanda za juu, ambako wakazi wengi ni Wamaya, nyumba za matofali mabichi ziliwaangukia watu wakiwa wamelala. Watu wapatao 23,000 walikufa, na zaidi ya milioni moja wakabaki bila makao. Misaada ikaanza kumiminika: mahema, mabati, nafaka, mablanketi. Lakini nafaka hailiwi mbichi, na waliokwenda kusaidia kujenga upya vijiji wakakutana na shida ambayo haikuwamo katika orodha za misaada. Milima ilikuwa imeshaanza kuwa na vipara kabla ya tetemeko. Kuni zilipatikana mbali, tena kwa bei. Ndani ya vibanda mafiga matatu yaliwaka, na moshi haukuwa na pa kutokea.

Katika kituo cha majaribio cha Choquí, karibu na mji wa Quetzaltenango, kikundi cha wenyeji na wageni, akiwamo Ianto Evans kutoka Wales, kilianza kutafuta jawabu kwa vitu viwili vilivyokuwapo kila mahali: udongo wa mfinyanzi na mchanga. Walivichanganya na kuvishindilia mpaka wakapata tuta kubwa lenye kimo cha meza. Lilipoanza kukauka walilichonga kwa kisu na kijiko, wakafungua mlango wa kuni, njia ya moto, matundu ya kukalia sufuria mbili au tatu, na bomba la kupeleka moshi nje. Wakaliita Lorena. Halikuhitaji kiwanda wala fedha za kigeni, na mwenye nyumba aliweza kulijenga na kulikarabati kwa mikono yake. Ilisemwa kwamba lingepunguza kuni kwa nusu.

Ulimwengu ulikuwa tayari kuisikia habari hiyo. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafla mwaka 1973, ukame ulikuwa umeitesa Sahel, na mwaka 1975 Mmarekani Erik Eckholm alikuwa ameandika kwamba kuna upungufu mwingine wa nishati usiotangazwa, nao ni wa kuni za maskini. Watu wa kujitolea wakalibeba Lorena hadi Asia na Afrika. Nchini Senegal lilizaa jiko la Ban ak Suuf, nalo ni la tope na mchanga vilevile. Mashirika yakahesabu majiko yaliyojengwa na kuyaweka katika taarifa zao za mwaka.

Kisha ikaja mizani. Watafiti wa Eindhoven, Uholanzi, na wa shirika la VITA la Marekani walipima kuni kabla ya kuwasha, wakachemsha maji ya kiasi kinachojulikana, wakapima kuni zilizobaki. Mwaka 1982 VITA iliwakutanisha wataalamu wakubaliane kuhusu namna moja ya kupima, ili jiko la Java liweze kulinganishwa na la Upper Volta. Matokeo yaliwauma wengi. Majiko mazito ya tope yalikula kuni sawa na moto wa mafiga uliotunzwa vizuri, na mara nyingine yalikula zaidi.

Sababu yake ni nyepesi kueleweka ukishaambiwa. Joto la ukuni lina njia tatu: kuingia kwenye sufuria, kupotea hewani, au kuingia kwenye mwili wa jiko. Tuta la udongo la mamia ya kilo ni mlaji mkubwa. Linaanza kwa kujipasha lenyewe, na linapokuwa limepata moto wa kutosha, chakula kimeshaiva na moto unazimwa. Joto lililofichwa ndani ya kuta halirudi kwenye sufuria tena. Udongo mzito hauzuii joto, unalinyonya.

Naona si haki kulidharau jiko la Lorena kwa sababu hiyo. Liliutoa moshi nje ya nyumba, likainua sufuria kutoka sakafuni na kuwaepusha watoto na moto. Wanawake waliolipenda walikuwa na sababu zao, na sababu hizo hazikuwamo katika karatasi za maabara. Kosa lilikuwa kuahidi kuni pungufu bila kupima.

Kwenye kituo cha Aprovecho, jimboni Oregon, ambacho Evans alikuwa miongoni mwa waasisi wake, Larry Winiarski alianza mwaka 1982 kuchora jiko la namna nyingine kabisa. Chumba cha moto alikifanya chembamba, kilichopinda kama kiwiko. Kuni ziliingia kwa chini zikilala, na ncha zake tu ndizo zilizowaka. Kuta za chumba hicho alizizungushia vitu vyepesi vyenye hewa ndani yake, kama majivu au mawe mepesi ya volkeno. Kwa kuwa kuta hazikunyonya joto, chumba kilipata moto mkali upesi, na moshi, ambao si kitu kingine ila kuni ambayo haijamaliza kuungua, uliungua humohumo kabla ya kutoka. Juu yake aliweka pete ya bati kuizunguka sufuria, ili hewa ya moto ilazimike kupanda ikisugua ubavu wa chombo.

Pete hiyo ilikuwa na wapenzi wengine pia. Katika nchi za Sahel, Samuel Baldwin na wenzake waliifanyia hesabu ya kina, na kitabu chake cha mwaka 1987 kilionyesha jinsi nafasi kati ya bati na sufuria inavyoamua kila kitu. Ikizidi kwa milimita chache tu, faida yote inapotea. Ikibana mno, moto unakosa pumzi. Fundi anayekunja bati kwa macho tu, bila kipimo cha sufuria itakayokaa humo, atatengeneza kitu kizuri kisichookoa ukuni hata mmoja.

Mafundi wa Nairobi walikuwa wakilitatua fumbo la kuokoa joto kwa njia yao. Agosti 1981 jiji hilo lilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya na jadidifu, na baada yake wizara ya nishati ya Kenya, mashirika na mafundi wa jua kali walilichukua jiko la ndoo la Thailand wakalifanyia kazi upya. Maxwell Kinyanjui alikuwa mmoja wa viongozi wa kazi hiyo. Ndani ya bati waliweka kikombe cha udongo uliochomwa, na baada ya vikombe vingi kupasuka wakapata umbo la kiuno chembamba, pana juu na pana chini, udongo ukikaa nusu ya juu tu. Mwanzoni jiko hilo liliuzwa kwa dola zipatazo 15. Mafundi wa Shauri Moyo na Gikomba walipoanza kushindana, bei ilishuka hadi karibu dola mbili, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 Wakenya walikuwa wamenunua mamia ya maelfu. Huko magharibi ya Kenya, chama cha Maendeleo ya Wanawake pamoja na shirika la Ujerumani, GTZ, walieneza jiko la kuni lenye kikombe cha udongo wa kuchoma, na wafinyanzi wanawake wa Keyo, karibu na Kisumu, wakawa miongoni mwa watengenezaji wake wakuu. Majiko hayo yalikuwa ya watu wenye nyumba, soko na sufuria zao.

Tarehe 28 Aprili 1994 watu walianza kuvuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Ndani ya saa ishirini na nne, wapatao 250,000 walikuwa wameingia wilaya ya Ngara, Tanzania. Benaco, mahali palipokuwa pori na mashamba, pakawa kwa muda kambi kubwa kuliko zote duniani. Kila familia ilifika na nguo ilizovaa, labda mkeka, labda jembe, labda sufuria moja. Usiku wa kwanza kila familia ilitafuta mawe matatu.

Mkimbizi mmoja hutumia takribani kilo moja au zaidi ya kuni kwa siku. Kwa familia hiyo ni mzigo wa kawaida. Kwa robo milioni ya watu ni malori mengi kila siku, na malori hayakuwapo, kwa hiyo kazi ilifanywa na vichwa na migongo. Wakimbizi wengine walizidi kuingia, na kufikia mapema mwaka 1996 kambi za mkoa huo wa Kagera zilikuwa zikichoma zaidi ya tani 1,200 za kuni kwa siku. Msitu ulioguswa ulifikia kilomita za mraba 570, na katika hizo 167 ziliharibiwa vibaya. Wenyeji wa Ngara, waliokuwa wamewapokea wageni kwa unga na ndizi, waliona miti ya mipaka ya mashamba yao ikiondoka mmoja baada ya mwingine. Wakaanza wao pia kutembea mbali kutafuta kuni.

Julai 1994 zamu ilikuwa ya Goma, nchini Zaire, ng'ambo ya pili ya Rwanda. Watu karibu milioni moja walivuka kwa siku chache na kukalishwa juu ya mawe ya volkeno, ambako hata kaburi halikuchimbika. Karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara. Kibumba, moja ya kambi hizo, ilikuwa kando kabisa ya Hifadhi ya Virunga. Ndani ya hifadhi hiyo kuna sokwe wa milimani, na mwishoni mwa mwaka 1994 iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Maelfu kwa maelfu ya watu waliingia msituni kila siku na kutoka na mizigo kichwani. Mhudumu wa misaada aliyetazama mstari ule aliona mazingira yakiharibiwa. Aliyekuwa ndani ya mstari alikuwa na maharage nyumbani na watoto wanaoyasubiri.

Na maharage yale yalikuwa nusu ya tatizo. Mgao wa kambini ulikuwa mahindi ya punje, maharage makavu, mafuta kidogo na chumvi. Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu huwa magumu, na kuyachemsha mpaka yaive huweza kuchukua saa tatu na kuendelea. Mahindi ya punje ni vilevile. Unga wa ugali, kwa upande mwingine, unaiva haraka sana. Kwa hiyo mashine ya kusaga iliyowekwa kambini iliokoa kuni nyingi kuliko majiko mengi yaliyogawiwa. Mfuniko wa sufuria nao uliokoa kuni, na kuloweka maharage usiku, na kupasua kuni ndogondogo na kuzianika kabla ya kuwasha. Haya yote mama wa kijijini aliyajua. Ila mara nyingi mgao ulikuja bila mfuniko, ndoo zilikuwa za kuchotea maji ya kunywa, na kuni zilizopatikana zilikuwa mbichi.

Mashirika yalifundisha ujenzi wa majiko ya udongo katika kambi za Ngara, Kibondo na kwingineko, na wakimbizi wakayajenga kwa maelfu, mengine mazuri na mengine yakiwa yametengenezwa kwa sababu mkaguzi alikuwa anakuja. Uzoefu wa miaka hiyo, uliokusanywa na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, katika kitabu cha mwaka 2002 kilichoandikwa na Matthew Owen, ulionyesha kitu ambacho wauzaji wa majiko hawakupenda kukisikia. Mahali kuni zilipokuwa karibu na bure, hakuna jiko lililopunguza matumizi. Mahali zilipokuwa adimu au za kununua, watu walibana matumizi hata kwenye mafiga matatu: walikinga upepo, walichomoa kuni mara chakula kilipoiva, waliungana majirani wawili kupika chungu kimoja. Mkono wa mpishi ulikuwa na nguvu kuliko umbo la jiko.

Kaskazini mashariki ya Kenya jambo lilikuwa limeshachukua sura mbaya zaidi. Kambi za Dadaab, yaani Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilifunguliwa mwaka 1991 na 1992 kwa ajili ya Wasomali. Wanawake waliotoka kutafuta kuni kwenye vichaka walikuwa wakivamiwa na kubakwa. Oktoba 1993 shirika la kutetea haki la Africa Watch lilichapisha ripoti iliyoanika unyama huo. Majibu yakaja kwa awamu: ua wa miiba, doria za polisi, majiko ya kuni ya kikombe cha udongo chini ya GTZ, na mwaka 1998 mradi wa kugawa kuni kwa malori, uliolipiwa na Marekani. Kuni hizo zilitosha sehemu tu ya mahitaji.

Tathmini ya mradi huo, iliyotolewa mwaka 2001, inastahili kusomwa taratibu. Katika vipindi ambavyo familia zilikuwa na kuni za kutosha, ubakaji wakati wa kutafuta kuni ulipungua karibu kwa nusu. Lakini ubakaji katika mazingira mengine uliongezeka. Waliokuwa wakiwavizia wanawake vichakani hawakuondoka kwa sababu lori la kuni limefika. Walihamia penginepo.

Huko Kakuma, kambi ya Turkana, mwaka 1995 lilijaribiwa wazo la kuacha kuni kabisa. Jiko la jua liitwalo CooKit lilikuwa kipande cha boksi kilichobandikwa karatasi ya kung'aa na kukunjwa, katikati yake sufuria nyeusi ndani ya mfuko wa plastiki. Lilikuwa rahisi ajabu na jua la Turkana halina ubahili. Lakini ugali unasongwa, na hauwezi kusongwa ndani ya mfuko. Chai ya asubuhi inatakiwa kabla jua halijapata nguvu, na chakula kikuu cha wengi ni cha jioni. Likabaki kuwa jiko la pili, la kuchemshia maharage mchana au kuchemsha maji. Miaka kumi baadaye, katika kambi ya Iridimi mashariki ya Chad, ambako kuni zilikuwa karibu hazipo na kuzitafuta kulikuwa hatari, wanawake wa Darfur walilipokea jiko hilohilo kwa moyo na wengine wakalitengeneza wenyewe. Hapo hapakuwa na la kuchagua.

Wanawake hao walikuwa wametoka kwenye vita vilivyoanza Darfur, magharibi ya Sudan, mwaka 2003. Kufikia mwaka 2005 watu wapatao milioni mbili walikuwa wamefukuzwa vijijini mwao, na wengi walibaki ndani ya Sudan katika kambi za Kalma na Otash karibu na Nyala, Abu Shouk na Zamzam karibu na El Fasher. Machi 2005 Madaktari Wasio na Mipaka walitangaza kwamba ndani ya miezi minne na nusu waliwatibu karibu wanawake 500 waliobakwa. Asilimia 82 kati yao walishambuliwa wakiwa kwenye shughuli za kawaida, kama kutafuta kuni, kuteka maji au kwenda shambani. Familia zilijua hatari hiyo. Mwanaume akitoka nje ya kambi aliuawa, kwa hiyo mwanamke ndiye aliyetoka. Sijui maneno ya kuuelezea uamuzi kama huo ndani ya hema la watu wanaopendana.

Ashok Gadgil, mwanafizikia mzaliwa wa Bombay aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Lawrence Berkeley huko California, alikuwa ameshajulikana kwa kifaa rahisi cha kusafisha maji kwa mwanga wa urujuanimno. Mwaka 2004 aliulizwa na shirika la misaada la Marekani kama taka za jikoni za kambini zinaweza kukandamizwa na kugeuzwa kuni. Hesabu yake ilikuwa fupi: watu wanaoishi kwa mgao hawana mabaki ya chakula ya kutupa. Akapendekeza jiko. Mwishoni mwa mwaka 2005 yeye na Christina Galitsky walikwenda Darfur na majiko kadhaa ya chuma kutoka India, pamoja na mizani.

Walichokifanya huko ndicho kinachonifanya niiheshimu kazi hiyo. Hawakuishia kuchemsha maji. Waliwaomba wanawake wa kambini wapike chakula chao, kwa sufuria zao, kwa mikono yao, na wao wakapima kuni na kutazama.

Chakula chenyewe ni asida na mulah. Mulah ni mchuzi. Mpishi anaanza kwa kukaanga vitunguu kwenye mafuta kwa moto mkali, kisha anaweka bamia kavu iliyosagwa na kitoweo kama kipo. Asida ni ndugu wa ugali: unga wa mtama au uwele unamwagwa kwenye maji yanayotokota na kusongwa kwa nguvu mpaka ushike. Msomaji aliyewahi kusonga ugali wa watu wanane anajua mwiko unavyosukuma sufuria, na jinsi unavyohitaji kitu cha kuishikilia isizunguke. Sufuria za Darfur zina kitako cha mviringo. Zikiwa juu ya mafiga makubwa zinatulia. Juu ya jiko jembamba la kutoka India ziliyumba, na jiko likayumba pamoja nazo juu ya mchanga. Tena watu walipikia nje, ambako upepo wa Darfur unapuliza moto kutoka chini ya sufuria.

Kati ya yale waliyoyapeleka, jiko liitwalo Tara ndilo lililofanya vizuri zaidi, kwa kuokoa hadi nusu ya kuni. Kwa hiyo wakalichukua hilo na kulirekebisha kwa kila kitu walichokiona. Sehemu ya juu ilipanuliwa mfano wa faneli ili sufuria kubwa na ndogo, zote za mviringo, zikae zikiwa zimekingwa na upepo. Vijinundu viliwekwa ukingoni ili sufuria isizibe kabisa na hewa ya moto ipate njia ya kutokea. Mlango wa kuni ulifanywa mdogo ili mtu asiweze kusukumia gogo zima. Matundu ya hewa ya bati la nje hayakulingana na yale ya chumba cha moto, hivyo upepo haukuweza kupita moja kwa moja na kuutawanya moto. Miguu ilipewa upana, na palikuwa na nafasi ya kuipigilia ardhini wakati wa kusonga asida.

Yakazaliwa matoleo mengi, kila moja likirudishwa kwa wapishi na kurudi na malalamiko. Wanafunzi wa Berkeley na wahandisi wa kujitolea walikata bati, wakachoma moto, wakapima, wakakata tena. Mwishowe jiko hilo lilitumia chini ya nusu ya kuni za mafiga matatu na kugharimu dola zipatazo 20. Mtu anayeona dola 20 kuwa bei ndogo afikirie kwamba mnunuzi alikuwa hana kazi, na mgao wake wenyewe aliuuza kidogo ili anunue kuni za kupikia uliobaki.

Suala la wapi jiko litengenezwe liliamuliwa kwa busara. Mabati yalikatwa kwa mashine mjini Mumbai, yakapakiwa bapa yakiwa yamelaliana, na kusafirishwa hadi El Fasher. Jiko lililokunjwa tayari limejaa hewa, na kontena moja la majiko bapa hubeba mengi zaidi kwa nauli ileile. El Fasher, katika karakana iliyoendeshwa na shirika la Kisudani kwa msaada wa Oxfam America, watu waliokimbia vijiji vyao waliyakunja na kuyaunganisha kwa zana za mkono, bila kuhitaji umeme. Machi 2009, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilipotoa hati ya kumkamata Rais Omar al-Bashir, serikali ya Khartoum ilifukuza mashirika 13 ya kigeni kwa mkupuo mmoja. Hata hivyo, mwaka huohuo uunganishaji ukaanza kushika kasi. Katika miaka iliyofuata majiko makumi ya maelfu yaliingia kambini.

Baadaye watafiti wakafunga vipima joto vidogo kwenye majiko ili wajue yanawashwa mara ngapi. Ikaonekana kwamba wengi waliyatumia kweli, ila si kwa kiasi walichokisema walipoulizwa. Hilo lisimshangaze mtu. Mgeni aliyekupa kitu anapokuja kuuliza kama unakitumia, jibu la adabu linajulikana. Ndiyo maana ripoti nyingi za zamani za majiko, zilizotegemea maswali peke yake, zinasomeka leo kwa tahadhari.

Ukosoaji mzito zaidi ulitoka kwa Samer Abdelnour na Akbar Saeed, walioandika mwaka 2014 kwamba wanaharakati wa nchi za Magharibi waligeuza jiko kuwa dawa ya ubakaji. Katika hadithi hiyo, walisema, mbakaji alitoweka, vita vikatoweka, ukabaki upungufu wa kuni na kifaa cha kuuondoa. Nakubaliana nao. Wanawake wengi wa Darfur hawakuleta kuni za jikoni kwao tu. Waliziuza, kwa sababu ndiyo kazi pekee iliyobaki, na jiko la namna yoyote halikuwapunguzia safari hizo. Askari wa Umoja wa Afrika waliosindikiza wanawake kwenda kutafuta kuni walifanya jambo lililokaribia zaidi kiini cha tatizo, siku walizokuja. Hata hivyo jiko lina thamani yake mahali pake. Kwa anayenunua kuni, ukuni usionunuliwa ni unga, ni sabuni, ni daftari la mtoto.

Ndani ya Umoja wa Mataifa suala hilo la kuni na usalama lilibadilisha namna ya kupanga. Tangu 2007 hadi 2009 kikosi cha pamoja cha mashirika kiliandika mwongozo wa upatikanaji salama wa kuni na nishati nyingine, na kwa mara ya kwanza ikaandikwa nani anawajibika na nini: mwenye chakula, mwenye ulinzi, mwenye misitu, mwenye afya. Mpaka hapo moto wa kupikia ulikuwa hauna mwenyewe. Kila shirika lilidhani ni wa shirika jingine.

Warohingya zaidi ya 700,000 walipoingia Cox's Bazar, Bangladesh, kuanzia Agosti 2017, vilima vilinyolewa miti kwa miezi michache. Safari hii jibu kuu halikuwa jiko la kuni lililoboreshwa. Kuanzia 2018 waligawiwa mitungi ya gesi. Ni ghali, na inategemea wafadhili wasichoke, lakini moshi uliondoka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na jiko la kuni, hata likiwa zuri vipi, bado hutoa moshi. Kama fedha zipo, naona gesi ndiyo inayostahili kutangulia, na jiko la bati liwe la pale ambapo mtungi haufiki.

El Fasher ni mahali pa namna hiyo. Vita vipya vya Sudan vilianza Aprili 2023. Mji huo ulizingirwa kuanzia Mei 2024. Agosti mwaka huohuo njaa kamili ilitangazwa Zamzam, na Aprili 2025 kambi hiyo ilivamiwa na kutekwa. Waliokuwa na majiko ya bati waliyaacha au hawakuwa na cha kupika juu yake. Mjini watu walikula ambaz, mashudu ya karanga wanayolishwa mifugo, mpaka mji wenyewe ulipoanguka Oktoba 2025. Mamia ya maelfu wamevuka mpaka kuingia Chad, wengine wamekusanyika Tawila. Wanawake wanatoka tena kutafuta kuni, na Madaktari Wasio na Mipaka, waliotoa ripoti ya mwaka 2005, wameandika nyingine mwaka 2025 inayosema wanawake wa Darfur wanashambuliwa wakiwa njiani kwenda kutafuta kuni na maji.